Usihesabu Majina, Sikiliza Nukuu

Majuzi nilikaa kwenye jopo la kupitia kazi za wanafunzi wa uandishi wa habari waliotoka fildi kwenye magazeti ya Dar es Salaam. Faili lililosifiwa kuliko yote lilikuwa nene, kila habari imekatwa na kubandikwa kwa unadhifu, jina la mwanafunzi limepigiwa mstari kila lilipotokea. Wenzangu walipokezana wakisema huyu kaiva. Nilipolifungua, nusu ya habari zilianza na "Imeelezwa kuwa", na nyingi ya zilizobaki zilianza na "Wito umetolewa". Mkaanga samaki wa soko la Feri, kijana wa bodaboda wa Mbagala na ofisa wa wizara walizungumza kwa sauti moja, na sauti yenyewe ilikuwa ya ofisa wa wizara. Huyo hajaiva. Tukimpa alama za juu ataandika hivyo hivyo mpaka anastaafu, na kosa litakuwa letu.

Jina juu ya habari si ushahidi wa kazi. Siku hizi taarifa huingia kwenye kundi la WhatsApp la waandishi kabla mkutano haujafungwa. Mwanafunzi hugeuza aya mbili, anatia jina, anatuma, na msanifu anainyoosha usiku. Kwa hiyo intro ni ya msanifu, mwili ni wa ofisa habari, jina ni la mwanafunzi. Mhadhiri anayehesabu majina anampa alama nani?

Vipo vipimo vya haraka ambavyo havihitaji hata kikombe cha chai kumalizika. Aliyeripoti Mahakama ya Kisutu kweli hachanganyi mtuhumiwa na mshtakiwa. Habari yenye "kwa upande wake" zaidi ya mara moja iliandikwa na mtu ambaye hakuinuka kwenye kiti. "Mkazi wa Dar es Salaam" si anwani, tunataka mtaa. Habari ya soko isiyo na bei haijafika sokoni. Nukuu haizidi sentensi mbili. Hizo ni kanuni, na sina nia ya kuzijadili.

Lakini nukuu ndiyo inayomfichua mwandishi, nayo ndiyo mgeni wa kazi hii huipita mbio, kwa kudhani kwamba kila kilichomo ndani ya funga na fungua semi ni mali ya msemaji. Chukua hii ya kwenye lile faili, aliyotiwa mdomoni yule mama wa Feri: "Tunaiomba serikali itutatulie changamoto mbalimbali zinazotukabili ili tufanye biashara katika mazingira rafiki." Nani anasema "mazingira rafiki" huku kasimama mbele ya karai la mafuta ya moto? Binti mwingine wa kundi hilo hilo, ambaye faili lake lilikuwa jembamba na halikuguswa na mtu, alirudi kutoka soko lile lile na hii: "Barafu ikichelewa, changu anashuka bei huku namtazama. Mteja anamwangalia jicho tu, anaondoka." Barafu, changu, bei, jicho. Hayo hayapatikani ofisini. Aliyeyaleta alisimama, akanyamaza, akangoja mama amalize kugeuza samaki wake ndipo amsikilize.

Namna ya kupima ni hii. Ficha jina la msemaji, soma nukuu kwa sauti. Kama unaweza kuwabadilisha wasemaji wawili na habari isidhurike, nukuu zote mbili zimepikwa. Angalia pia mpangilio: mtu wa kawaida huanza na kinachomuuma, sababu inafuata baadaye, ilhali mwenye cheo huanza na shukrani. Mtu hurudia neno, humtaja mwanawe, humtaja "yule wa ushuru" bila jina. Mvuvi wa Pemba aliyenukuliwa kwa Kiswahili cha Kariakoo hakusikilizwa, alifupishwa. Sisemi kila kigugumizi kichapwe gazetini, maana huko ni kumdhalilisha mtu. Kusafisha kunaruhusiwa. Kupika hakuruhusiwi.

Mzee aliyenipokea mimi nilipokuwa mwanafunzi alipitia Shihata, shirika la habari lililoanzishwa mwaka 1976 likiwa chini ya Benjamin Mkapa, ambaye alikwisha kuhariri Uhuru na Daily News kabla hajawa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1977. Mzee huyo alikuwa akifunika jina la msemaji kwa kidole gumba, anamsomea taipisti nukuu, kisha anauliza: "Aliyesema haya ni mzee au kijana? Mume au mke?" Taipisti akishindwa kujibu, karatasi inarudi. "Mwanangu, nenda kamuulize tena." Na unapanda basi la UDA kurudi Temeke jua la saa nane, bila kubisha. Sijaona tena chumba cha habari chenye subira hiyo. Si ajabu pia kwamba Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, alikuwa mhariri wa magazeti kule Unguja. Kazi hiyo inamlazimisha mtu kutega sikio.

Wadanganyifu nao wana alama zao. Nilifanya kazi na mwandishi aliyekuwa na mama mmoja, mkazi wa Manzese, aliyejitokeza kwenye habari ya maji, akarudi kwenye ya nauli, kisha kwenye ya kipindupindu, kila mara kwa jina lile lile na umri tofauti. Alikuwa na maneno matamu mama yule, kila sentensi na methali yake. Hakuna aliyewahi kumwona. Nukuu yenye methali iliyokamilika ichunguzwe mara mbili, kwa sababu mwenye shida ya maji anazungumzia ndoo.

Simu zinazorekodi hazijaponya lolote. Wanafunzi wanazipanga mezani mbele ya mgeni rasmi, wanaondoka na sauti moja, na bahasha ikigawiwa mlangoni hawaoni tena sababu ya kuvuka barabara kumuuliza anayeguswa na yaliyosemwa.

Ndugu wahadhiri, mnapodai faili daini na daftari la mwanafunzi, lenye jasho na madoa yake. Habari tatu zinatosha. Chagueni nukuu moja, mmuulize: alisimama wapi aliyesema haya, alikuwa anafanya nini, na wewe ulimuuliza nini kabla hajajibu hivi? Aliyekuwepo atajibu papo hapo. Asiyejibu arudishwe fildi, hata kama faili lake ni nene kiasi gani.