Mwiko wa pori: wazee walilinda miti bila kulazimisha mtu?

Katika vitabu vidogo kama hiki, sisi wapenda desturi tuko na neno moja tunalolirudilia sana: zamani Leta hakuwako, na pori ilikuwa nzima. Kila mtu alikuwa huru, kila mtu alijua mpaka wake. Kisha tunaangalia barabara ya Kasenga ao ya Likasi, kinga nyuma ya kinga zimebeba mifuko ya makala, na tunatikisa kichwa. Mimi pia nimekwisha kusema vile mbele ya watu, na walinipigia makofi. Lakini nusu ya neno hilo si kweli, na nusu hiyo inatuharibia kazi.

Tuanze na uhuru. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alieleza kazi ya wayeyushaji wa mukuba katika andiko lake Les mangeurs de cuivre du Katanga, la mwaka 1926. Kazi ile ilifanywa wakati wa kipwa, mavuno yakiisha kuingia gala, na sultani njo alikuwa akiifungua. Hakuna aliyeamka asubuhi akaenda kuchimba kwa kupenda kwake. Na kule Bunkeya, chini ya Msiri aliyeuawa mwaka 1891, mukuba ulikuwa kodi. Aliyechelewa kuuleta alijua kitakachompata. Hata mwiko wa kawaida wa kijiji ulikuwa na meno. Ukiuvunja, ulilipa, ao uliogopeshwa na mizimu, ao watu walikukimbia mpaka ukahama mwenyewe. Kama hiyo si kulazimisha, basi sijui kulazimisha ni nini.

Na miti? Tanuru zile za udongo wa kichuguu zilikula makala mengi. Pori ilirudi kwa sababu mutondo na muputu zinachipuka tena kwenye kisiki zikiachwa miaka mingi, na watu walikuwa wachache, wakihamahama. Tusiite hekima kitu kilichokuwa nafasi tu. Nafasi hiyo ilianza kwisha hapa tangu mwaka 1910, wakati mji wetu ulipozaliwa.

Lakini kuna nusu ya pili, na hiyo ni ya kweli. Ngambo ya mpaka, katika eneo la Kopa, wilaya ya Mpika huko Zambia, watafiti walieleza mwaka 2002 namna wenyeji wanavyolinda viwavi vya kuliwa, vile Wabemba wanaviita finkubala. Watu wanafuatilia namna viwavi vinakua. Wanakinga miti yenye mayai ili moto wa mwisho wa kipwa usiiguse. Kuokota kuna wakati wake, na mbele ya wakati huo hakuna ruhusa. Polisi hawasimami chini ya kila mti. Anayekataza anajulikana kwa jina na kwa ukoo, anakula finkubala zilezile, na kama anakosea unaweza kwenda kukaa mbele yake na kumwambia. Njo hapo ninaona tofauti: kulazimisha kulikuwako pande zote mbili, ila yule wa kijijini unaweza kumjibu.

Sisi huku tulinyang'anywa neno "hapana". Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold ulitangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni ya Leta. Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta. Sheria ya pori ya 2002 ikasema pori nayo ni yake. Vizuri. Lakini Leta yuko wapi ndani ya pori? Tunamwona kwenye kizuizi cha barabara, anaomba karatasi na pesa ya kila mufuko, wakati mti umekwisha kuwa makala. Miaka ya 2010, wakati wanunuzi wa China walipoutafuta mukula, makatazo yalitolewa, na magogo yaliendelea kuvuka mpaka. Mkata makala si mtu mubaya. Anahesabu tu: nikiuacha mutondo huu ukomae, kesho mwingine atakuja na shoka. "Pori ya Leta," anasema, na maana yake ni pori ya mtu wa kwanza kufika.

Mmarekani Elinor Ostrom, aliyepata zawadi ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaweza kulinda mali yao ya pamoja bila kuiuza na bila kungojea serikali. Wengi wanaishia hapo. Wanasahau kwamba aliweka masharti: mipaka ijulikane, wenye kutumia mali watunge sheria, aliyekosa alipe, na serikali iheshimu haki yao ya kujipanga. Wazee wetu hawangeshangaa.

Msiniambie basi, "turudishe pori kwa masultani, yote itatengenea." Kuna masultani wanaouza pori kwa mwenye kamyo bila kuuliza kijiji. Zaidi ya hiyo, mwiko unamshika mtoto wa kijiji. Haumshiki mama wa Kenya (komini yetu, si inchi) anayenunua makala kwa sababu umeme umekatika tena. Hata mimi, nikiandika haya, mbabula iko nje inawaka.

Tangu mwaka 2014 kuna amri inayoruhusu kijiji kuomba pori yake ya desturi, hata hektari 50.000, bila kuinunua na bila mwisho wa miaka. Kwa kweli ni Leta anarudisha neno "hapana" alilolichukua, na bila mkono wake kijiji hakingelipata. Lakini ndani ya kijiji atalitamka nani? Nikisikia kijiji kimepata karatasi hiyo, sitauliza kwanza ngoma gani ilichezwa siku ile. Nitauliza kama wanawake wanaookota uyoga na viwavi walikaa kwenye kikao, na kama mtoto wa sultani, siku atakapokuja na kamyo, atalipa sawa na wengine.