Nani Aliyeijua Nchi ya Uzigua?

Kitabu cha James Giblin juu ya siasa na utunzaji wa mazingira kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kilichotolewa mwaka 1992, chahusu hasa Uzigua, yaani Handeni na majirani zake, kati ya 1840 na 1940. Mchungaji wa Mazingara au Korogwe angefaa kukisoma kabla hajaketi katika kamati yoyote ya hifadhi.

Hoja yake ni hii. Kabla ya Wajerumani, Wazigua walifuga ng'ombe ingawa mbung'o walikuwapo. Walifyeka, walichoma nyasi na kulima, hata pori likakaa mbali na mazizi. Na ng'ombe walioumwa kwa nadra walipata kinga dhidi ya nagana. Lakini kazi hiyo ilitaka watu wengi, na watu walitaka chakula wakati wa ukame. Wakuu wenye akiba ya nafaka ndio waliowakusanya. Utawala wa kikoloni ulipowaondolea wakuu uwezo huo, njaa iliwatawanya watu, vichaka vikarudi, na mbung'o pamoja navyo. Basi pori ambalo mgeni angelidhani ni la tangu kuumbwa lilikuwa, kwa sehemu kubwa, mashamba yaliyoachwa.

Sifa kuu ya mwandishi ni kwamba aliwaendea wazee wa Handeni, akayapima maneno yao pamoja na nyaraka za serikali na za wamisionari. Kwake mzee ni shahidi wa elimu. Hapo sisi watumishi wa Kanisa twaguswa: tumemwuliza mzee habari za matambiko ili tumkanye, lakini ni mara ngapi tumemwuliza habari za nyasi na kupe?

Hata hivyo sikuridhika kabisa. Tambiko la mvua laelezwa mno kama chombo cha mamlaka, na ningependa kusikia zaidi juu ya wanawake walioshika jembe na mbegu. Tena tusiutamani uzee huo bila kufikiri (kosa la wapenzi wengi wa mila), maana baadhi ya wakuu wale wale waliuza watu. Wako Wazigua Somalia, kando ya mto Juba, ambao babu zao walipelekwa huko utumwani katika karne ya 19.

Wakuu wale hawarudi. Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake chenyewe. Misitu midogo ya matambiko ingaliko Handeni, na ilisalia kwa sababu watu walikatazwa kuikata. Mchungaji aweza kukataa ibada ya mizimu, tena kwa haki. Lakini akiwaambia Wakristo kwamba mahali pale ni pori tu, shoka litafuata, naye atakuwa na hesabu ya kutoa mbele ya Mwanzo 2:15. Na aulize kwanza ni nani aliyeweka mpaka wa msitu ule, na kwa nini chemchemi imo ndani yake.