Je, «Mazingatio» Yafaa Katika Sheria ya Mikataba?

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilikuwa kimetoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili tangu mwaka 1968. Hata hivyo sheria ya biashara ingali ikisomeshwa chuoni kwa Kiingereza, na mhitimu afikapo mahakamani hulazimika kujitungia maneno papo hapo.

Tutalijadili neno moja tu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, chasema kuwa makubaliano yasiyo na kitu fulani ni batili, ila katika hali chache zilizotajwa. Kitu hicho Waingereza hukiita kwa neno ambalo kwao lina pia maana ya kufikiri. Hapo ndipo yalipozaliwa «mazingatio». Aliyelitunga neno hili alifungua kamusi, hakufungua sheria.

Wengine husema «malipo». Hili laeleweka, na kwa sababu hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Natuchukue mfano wa Ngombezi, wilayani Korogwe, ambako tangu mwaka 1999 wakulima wadogo wameingizwa katika kilimo cha mkonge kwa mikataba. Mkonge hukawia, hupita kiasi cha miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na katika kungoja huko mkulima hukopa dukani. Tuseme mwenye duka ataka kumshtaki. Ndugu wa mkulima amsihi asubiri mpaka majani yakatwe, na kuahidi kwamba mdaiwa akishindwa atalipa yeye. Mwenye duka akubali, asishtaki.

Ndugu huyu hakupokea hata senti moja. Tukishika «malipo», atasema ahadi yake ni batili, na msikilizaji asiyeijua sheria atamwunga mkono. Lakini kifungu cha 2 kimeeleza wazi kuwa kutenda jambo, au kujizuia kulitenda, kwa matakwa ya mtoa ahadi kwatosha. Kule kusubiri kwa mwenye duka ndiko kunakoipa ahadi nguvu. Neno moja lisilofaa laweza basi kumnyima mtu haki yake.

Kwa maoni yetu «badali» lafaa zaidi. Huchukua fedha, mali, kazi, hata kujizuia, mradi kimoja kimetolewa kwa ajili ya kingine. Kasoro yake ni kukaribiana mno na «badala», na mpiga chapa mzembe atayachanganya. Lakini kasoro hiyo ni ya masahihisho, si ya maana. Tungependa walimu wa sheria ya biashara walijaribu darasani kwa kesi kama hii ya Ngombezi, na watuletee hoja zao kabla neno halijaingia katika tafsiri rasmi, maana likishaingia humo kulitoa si rahisi.