Ujira wa Mwashi wa Chokaa

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini kuta zake zingali wima kwa jasho la waashi wa chokaa. Kazi yao ni nzito na ina elimu yake: kuloweka chokaa na kuiacha iive, kuichanganya na mchanga kwa kipimo, kupandisha mawe ya matumbawe jukwaani, kubadilisha boriti zilizooza bila kuangusha dari, huku vumbi likiunguza macho na ngozi.

Wapo wasemao kuwa kazi hii inakosa warithi kwa sababu vijana wa leo hawataki kazi ngumu. Mbona vijana haohao hubeba zege juani kutwa? Wanachokwepa ni miaka ya kujifunza isiyoongeza ujira. Wengine husema wenye nyumba hawamudu kulipa zaidi. Hoja hiyo ina uzito, ila saruji iliyopakwa kwa haraka badala ya chokaa ili kuokoa fedha hufungia unyevu ukutani, plasta ikabanduka, jiwe likaliwa, na gharama ikarudi upya. Kumwongezea mwashi ujira, kwa mchango wa serikali na wa hoteli zinazovuna kutokana na mji huu, si sadaka. Ni deni la kila apitaye salama chini ya kuta hizo.