Pingili Mia Moja

Kitabu cha mpima ardhi kiliandikwa kutoka chini kwenda juu. Mpima alianza mwishoni mwa ukurasa, akapanda na tarakimu zake kadiri alivyosonga mbele shambani. Katikati palipita mistari miwili, ndiyo njia ya mnyororo wa kupimia. Kilichokuwa kulia kwake, mbuyu au kisima au kaburi, kilikaa kulia, na cha kushoto kikakaa kushoto. Kufuta kulikuwa marufuku. Aliyekosea alikata tarakimu kwa mstari mmoja mwembamba, ile mbovu ibaki inasomeka, kisha akaandika sahihi kando yake. Sijui kazi nyingine ya ofisi iliyomdai mtu auhifadhi upotofu wake namna hiyo, ausome kila atakayekuja baada yake.

Na mnyororo wenyewe! Futi 66, pingili 100, na kila pingili ya kumi kidani cha shaba, ili mtu ahesabu bila kuinama mara kwa mara. Minyororo 80 ni maili. Minyororo 10 kwa mmoja ni ekari. Chuma hicho, kwa kuburutwa juu ya mawe ya matumbawe, kililika kwenye viungo na kurefuka, kwa hiyo nacho kilipaswa kupimwa kila mara kwa kipimo cha ofisi. Ulipokuja ukanda wa chuma, jua likawa mshitakiwa: ukanda wa mita 30 ukiongezewa joto la nyuzi 10 tu za Selsiasi, hurefuka zaidi ya milimita 3. Mpima mwangalifu aliandika joto la saa ile pembeni ya vipimo vyake. Milimita 3, kwenye shamba la minazi! Wenzangu hucheka nikiwasimulia haya. Mimi sicheki.

Waliouvuta mnyororo huo walikuwa watu wa huku huku pwani, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakikata vichaka kwa panga ili mstari unyooke. Pembeni mwa ramani limeandikwa jina la mpima. Majina yao hayapo.

Hapa pwani ya Kenya kazi hiyo ilishika kasi baada ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, katika ule ukanda wa maili 10 uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar na kutawaliwa na Waingereza. Kabla yake palikuwa na hati za makadhi, ambazo hazikujua nyuzi wala futi: upande wa kibla (kaskazini) shamba la fulani, suheli (kusini) njia iendayo kisimani, matlai (mashariki) bahari. Jirani ndiye aliyekuwa mpaka. Sheria mpya ilitaka kila mwenye dai aje mbele ya msajili na karatasi zake na mashahidi wake. Akithibitisha, apewe cheti chenye ramani. Wazo lilifuata njia ya Robert Torrens wa Australia Kusini, aliyeanzisha mwaka 1858 utaratibu wa daftari la serikali kuwa ndilo neno la mwisho juu ya milki.

Ardhi ambayo hakuna aliyethibitisha dai lake ikawa ya serikali. Hapo ndipo sifa zangu zinaponikwama kooni. Jamii za Mijikenda zilizoishi kwa ardhi ya ukoo hazikuwa na karatasi ya kumwonyesha msajili, na wajukuu wao leo huitwa maskwota mahali yalipo makaburi ya babu zao. Mpima alipima kwa unyofu kamili kile ambacho msajili alikuwa amekwisha kukiamua kwa sikio moja. Kadiri alivyokuwa hodari, ndivyo dhuluma ilivyokaa imara ardhini.

Lakini je, sisi tuliorithi daftari tumelitendaje? Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilianika jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, na hati zikatolewa kana kwamba ni tiketi za matatu. Tangu 2021 tuna Ardhisasa, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za ardhi, nami sina ugomvi na kompyuta. Kijana wa leo husimamisha kipokezi cha setilaiti na kupata mahali pake kwa sentimita chache, kabla chai haijapoa. Ugomvi wangu ni na pupa. Jiwe la mpaka hung'olewa na trekta, na mwenye trekta haulizwi.

Kulitafuta jiwe lililopotea ni ujuzi wa peke yake. Unaanza na jiwe lililosalia, unasoma kitabu cha aliyepima, unajiuliza alisimama wapi na kwa nini aliukwepa ule mwembe, unahesabu hatua, unachimba. Mara nyingine jembe hugonga chuma cha alama ya mpaka. Ndugu wanaogombania shamba la marehemu bado huwatafuta wazee wachache wanaojua kazi hii. Wazee hao wamekwisha kustaafu, na sijaona vijana wengi wakiwekwa pembeni yao.