Nafasi Tupu Juu ya Vichwa: Jinsi Filamu ya Ida Ilivyojengwa

Tarehe 22 Februari 2015, filamu ya Ida ya mwongozaji Paweł Pawlikowski ilitunukiwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na kwa tuzo hiyo Poland ikashinda kwa mara ya kwanza katika kundi ambalo filamu zake tisa, kuanzia Nóż w wodzie ya Roman Polański hadi kazi za Andrzej Wajda na Agnieszka Holland, zilikuwa zimeteuliwa bila kushinda. Ilishindana na kazi nzito, zikiwemo Leviathan ya Urusi na Timbuktu ya Abderrahmane Sissako iliyoiwakilisha Mauritania, ingawa yenyewe ilikuwa filamu ya dakika 82 tu, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na Agata Trzebuchowska, msichana asiyekuwa mwigizaji wa kitaaluma. Uchambuzi huu unashikilia kwamba nguvu ya Ida kwa watazamaji wasiojua Kipolandi wala historia ya Poland ilitokana na uamuzi wa kiufundi uliofuatwa kwa uthabiti usio wa kawaida, yaani kuikabidhi fremu kazi ambayo filamu nyingi za kihistoria huiachia mazungumzo.

Kwa kanuni za shindano hilo, kila nchi huwasilisha filamu moja iliyochaguliwa na kamati yake, na sehemu kubwa ya mazungumzo sharti iwe katika lugha isiyo Kiingereza, hivyo wapiga kura wengi huifuata kwa kusoma maandishi ya tafsiri. Jicho la mtazamaji wa namna hiyo hugawanyika kati ya uso wa mwigizaji na mstari wa maneno ulio chini ya picha, na kadiri mazungumzo yanavyoongezeka ndivyo uso unavyopotea. Człowiek z żelaza ya Wajda, iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1981, iliubeba mzigo huo kwa sababu dunia nzima wakati ule ilikuwa ikifuatilia habari za migomo ya Gdańsk. Filamu inayorejea mwaka 1962, wakati ambapo hakuna habari yoyote ya siku inayoisukuma, haikuwa na msaada kama huo.

Hadithi yenyewe inaelezeka kwa ufupi. Anna, mnovisi aliyelelewa na watawa kama yatima, anaagizwa na mama mkuu amtembelee ndugu pekee aliyebaki kabla ya kuweka nadhiri, na shangazi huyo, Wanda, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya kikomunisti, anamfahamisha kwamba yeye ni Myahudi na kwamba jina lake ni Ida. Wawili hao wanasafiri kutafuta mahali wazazi wake walikozikwa wakati wa vita, na wanakuta kwamba muuaji ni mkulima Mpolandi ambaye familia yake sasa inaishi katika nyumba ya marehemu.

Pawlikowski na wapigapicha wake walichagua fremu ya uwiano wa 1.37 kwa 1, maana yake upana wa picha unauzidi urefu wake wa kwenda juu kwa kiasi kidogo tu, umbo lililotawala sinema hadi skrini pana zilipoenea katika miaka ya 1950. Umbo hilo humnyima mpigapicha nafasi ya pembeni, na kwa hiyo mandhari haiwezi kutandazwa kulia na kushoto. Kinachobaki ni kwenda juu. Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi wa kijasiri zaidi wa filamu hii: wahusika wanawekwa chini kabisa ya fremu, mara nyingine kichwa na mabega tu vikionekana kwenye kona, huku sehemu kubwa ya picha ikiachiwa ukuta, dari au anga. Kanuni ya kawaida ya upigaji picha hutaka nafasi ndogo tu iachwe juu ya kichwa, na anayeivunja bila sababu huonekana kuwa mzembe, lakini inapovunjwa kwa mpango katika shoti baada ya shoti mtazamaji huanza kuihisi nafasi ile kama uzito unaomlemea mhusika. Mwenye imani ataona humo uwepo wa Mungu, asiye na imani ataona kutokuwepo kwake au kutokuwepo kwa wafu, na filamu haimlazimishi yeyote kati yao. Matokeo mojawapo ya mpangilio huo ni kwamba katika shoti kadhaa maandishi ya tafsiri yalilazimika kuhamishiwa juu ya picha, kwa kuwa nyuso zilikuwa zimekalia mahali pake pa kawaida.

Uamuzi wa pili ni kutosogea kwa kamera, ambayo karibu muda wote husimama mahali pamoja na kuwaacha watu waingie na kutoka. Thamani ya nidhamu hiyo huonekana wazi katika kifo cha Wanda: anaweka santuri ya Mozart, anapita huku na huku chumbani kama anayejiandaa kwenda kazini, kisha anatoka kwa kupitia dirishani, na kamera haimfuati wala picha haikatwi, bali chumba kinaendelea kuonekana kitupu na muziki kuendelea. Kwa kuwa mtazamaji amekwisha kuzoezwa kuyakubali matukio yanayopita mbele ya kamera tuli, mshtuko unamfika bila kuandaliwa. Utulivu huo ndio unaoipa nguvu shoti ya mwisho, ambapo kamera ya mkononi inarudi nyuma mbele ya Ida anayetembea barabarani, ikitikisika kwa hatua zake, pamoja na muziki wa Bach usiotoka katika redio, santuri wala bendi yoyote iliyomo katika hadithi.

Kazi hiyo ilipigwa kwa kamera ya kidijitali ya Arri Alexa, kisha rangi zikaondolewa. Mpigapicha Ryszard Lenczewski alipolazimika kujiondoa mapema, nafasi yake ilichukuliwa na Łukasz Żal, mwendesha kamera aliyekuwa hajawahi kusimamia picha za filamu ndefu ya kubuni, na wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar ya upigaji picha. Theluji iliyowahi kuanguka ilisimamisha kazi kwa wiki mbili, ambazo Pawlikowski alizitumia kuurekebisha muswada na kutafuta maeneo mapya. Nyuma ya hayo yote upo utaratibu wa fedha: sheria ya mwaka 2005 iliyounda Taasisi ya Filamu ya Poland huwatoza watangazaji wa televisheni, wenye majumba ya sinema na wasambazaji asilimia 1.5 ya mapato, na fedha hizo hurudi katika utengenezaji wa filamu.

Upinzani ulioikabili Ida nyumbani unathibitisha, kwa njia yake, mahali nguvu ya filamu ilipo. Mwanzoni mwa mwaka 2015 kikundi cha kutetea jina la Poland kilidai yaongezwe maandishi ya kueleza kwamba nchi ilikuwa chini ya Ujerumani ya Wanazi na kwamba Wapolandi wengi waliwaokoa Wayahudi, na mwaka uliofuata televisheni ya taifa iliitanguliza filamu hiyo kwa maelezo marefu kabla ya kuionyesha. Mambo yaliyodaiwa ni kweli ya kihistoria na yanastahili kufundishwa; hata hivyo, kuyabandika kwenye filamu hii kungerudisha maneno mahali ambapo mwongozaji aliyaondoa kwa makusudi. Muuaji anapokiri akiwa ameketi ndani ya shimo alilolifukua, hukumu haitamkwi na yeyote, na mtazamaji wa nchi yoyote analazimika kuibeba mwenyewe.

Pawlikowski na Żal walirudia fremu ile ile, pamoja na rangi nyeusi na nyeupe, katika Zimna wojna ya mwaka 2018, iliyompa Pawlikowski tuzo ya uongozaji ya Cannes na kuteuliwa kuwania Oscar tatu, ambazo zote zilichukuliwa na Roma ya Alfonso Cuarón. Wapo wanaozitaja filamu hizo mbili kama mtindo mmoja, lakini kiufundi hazifanani kiasi hicho: katika Zimna wojna weusi na weupe hukinzana kwa ukali zaidi, na kamera huzunguka pamoja na wachezaji wa ngoma na umati wa klabu za jazi, kwa sababu hadithi hiyo ya mapenzi husukumwa na wimbo mmoja wa kijijini unaobadilishwa kila unapovuka mpaka.