Kuhifadhi na Kutunza: Neno Moja kwa Kazi Mbili

Miongoni mwa vitenzi vilivyobebeshwa mzigo mzito katika istilahi za kompyuta, kimojawapo ni kuhifadhi. Karani abonyezapo kitufe ili barua yake isipotee, huambiwa amehifadhi. Mkutubi atakaye barua hiyo isomeke baada ya miaka hamsini, naye huambiwa ahifadhi.

Tofauti ya kazi hizo ilidhihirika nchini Uingereza. Mwaka 1986 BBC na washirika wake walitoa mradi wa Domesday, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu maarufu cha kuorodhesha ardhi na mali, cha mwaka 1086. Ramani, picha na maandishi ya watu wengi, wakiwamo wanafunzi, yaliwekwa katika santuri za leza. Haukupita muda, mitambo ya kuzisomea ikaadimika. Mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu iliyoiga kompyuta ile ya zamani ili santuri zisomeke tena. Kitabu cha 1086, kilichoandikwa juu ya ngozi, kingali kinasomeka.

Je, habari zile zilikuwa zimehifadhiwa? Kwa maana ya karani, naam. Kwa maana ya mkutubi, la.

Yaweza kusemwa kwamba muktadha utaondoa utata. Lakini waraka wa serikali usemao "kumbukumbu zote zihifadhiwe" hauna muktadha huo. Atakayeusoma atabonyeza kitufe na kuamini ametimiza wajibu, wala hatatenga fedha kwa kazi isiyo na mwisho.

Asili ya neno haina kosa. Aliyehifadhi Kurani huirudia daima isimtoke. Hifadhi ya wanyama ina walinzi usiku na mchana. Kitufe ndicho kilichotwaa neno zito kwa tendo jepesi. Hata hivyo, matumizi hayo yamekwisha kuzoeleka, na kuyang'oa ni kazi bure.

Kwa hiyo yafaa kuhifadhi kubaki kwa tendo la mara moja, na kutunza kutumike kwa kazi ya kudumu, kama vile shamba au mgonjwa anavyotunzwa. Chini yake ziwepo istilahi tatu: kukagua, yaani kuthibitisha kwamba nakala haikuharibika, kuhamisha, yaani kubadili muundo uliopitwa na wakati, na kuiga, kama walivyofanya wataalamu wa Leeds na Michigan. Hapo mfasiri atakapoandika "zitunzwe", msomaji atajua kwamba kesho pia ana kazi.